Muulize Mkalimani: "Mzee, kipande!"

Mwezi huu sanduku la barua limeniletea neno moja mara tatu, kutoka pande tatu tofauti. Kwa miaka 31 nilisimama kati ya hakimu na mshtakiwa nikitafsiri, na kipande ni katika maneno niliyoyatamka mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe. Basi leo nafasi yote ni yake. Wa mirathi na wa kesi za mipaka wanisubiri toleo lijalo.

Salamu Mama Mkalimani. Wiki iliyopita nilimsindikiza babu kwenye ofisi moja mjini. Ana miaka 95 lakini anatembea mwenyewe. Mlangoni mlinzi, kijana wa rika langu, akanyoosha mkono: "Mzee, kipande." Babu akasimama palepale. Akasema, "Kipande nilikivua zamani. Wewe sema kitambulisho." Mlinzi akacheka, na mimi nikacheka. Babu hakunisemesha mpaka tukafika nyumbani. Kosa langu ni nini? Kipande si jina la mtaani tu la kitambulisho? — Msomaji, Nakuru

Umemkosea, mjukuu wangu. Nitakueleza kwa urefu, maana babu yako pengine hatakueleza.

Tuanze na neno. Kipande ni pande lililopunguzwa. Pande ni kitu kikubwa, ndiyo maana mtu mwenye mwili tunamwita pande la mtu. Ukitia ki- kinasinyaa: kipande cha mkate, kipande cha shamba, kipande cha njia. Hamna serikali humo. Hata sheria ya kikoloni iliyowalazimisha wanaume kubeba kipande, iliyoandikwa kwa Kiingereza, ilikiita cheti cha usajili. Walioita kipande ni watu waliokibeba, na jina lao ndilo lililoishi. Mahakamani nililiona hilo kila siku. Hakimu anasoma shtaka la mistari minne, mimi namgeukia mzee aliye kizimbani namwambia neno moja, naye anaitikia kwa kichwa kabla sijamaliza.

Sheria ya Usajili wa Wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, nchi hii ikiwa bado haijaitwa koloni la Kenya. Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimekwisha kuwaka na wanaume walikuwa wakikusanywa kubeba mizigo ya jeshi, basi sheria ikakaa kabatini. Usajili wenyewe ulianza mwishoni mwa 1919 na kushika kasi 1920. Ulimhusu kila mwanamume Mwafrika aliyeonekana kuwa na umri wa miaka 16 na zaidi. Nimesema "aliyeonekana" kwa makusudi. Cheti cha kuzaliwa hakikuwepo. Karani alikuangalia tu, akakata shauri. Ndugu wawili wangeweza kufika siku moja, mdogo akatoka mkubwa kwa sababu alikuwa mrefu, na kuanzia hapo kodi wanalipa wote.

Kwenye karatasi kuliandikwa jina, kabila, wilaya, na kupigwa alama za vidole. Hayo hayashangazi, hata chako kinayo. Tatizo lilikuwa upande wa pili. Huko kulikuwa na nafasi za kujazwa na mwajiri: amekuandika kazi lini, kazi gani, mshahara kiasi gani, na amekuachia lini, na sahihi yake. Shika hilo la mwisho. Bila sahihi ya kuachiwa, wewe bado ni mtu wake. Mwajiri mwingine akikuchukua, naye ana kosa. Ukiondoka hata hivyo, alama zako za vidole ziko Nairobi, na mwajiri anaweza kuandika barua kwamba fulani ametoroka, atafutwe.

Leo ukiacha kazi bila notisi, mwajiri akikasirika sana atakudai mshahara wa mwezi. Enzi zile kuacha kazi kulikuwa jinai. Mtu alifungwa kwa kuondoka kwenye shamba la kahawa kama anavyofungwa mwizi. Wazo la kumfunga kibarua kwa pasi walowezi hawakulibuni wenyewe, lilikuwa limekwisha kufanya kazi kusini mwa Afrika. Kule Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, karatasi ya aina hiyo watu waliiita situpa. Kwa Kindebele kidole gumba ni isithupha, na mkono wako hapo ndipo ulipoguswa na serikali. Wenzetu waliangalia kidole wakaipa karatasi jina lake; sisi tukaangalia kile kitu chenyewe.

Na kile kitu chenyewe ninacho. Kiko mbele yangu mezani ninapoandika.

Ni kikasha cha chuma, bapa, kinaingia kwenye kiganja. Juu kina mahali pa kupitishia kamba, kwa maana kilivaliwa shingoni. Kamba ya baba ilikwisha zamani, pana utambi wa taa badala yake, aliutia mama. Ukikinusa hunusi chuma, unanusa ugoro, kwa kuwa baada ya kuachana na sheria baba alikifanya kibweta cha ugoro wake na hakutaka kingine. Pembe moja imelika ikang'aa. Aliniambia ndiyo pembe iliyokuwa ikigusa mfupa wa kifua akiinama kuchuma kahawa. Karatasi ya ndani imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imetoboka, na matobo hayo yamekula jina la mwajiri wa pili pamoja na nusu ya mshahara. Jina la baba limeandikwa kwa herufi ambazo hakuna mtu kwetu angelisoma akamjua. Vidole tu ndivyo vinavyosomeka hadi leo, vyote, vyeusi, safi kabisa.

Kuna mstari mmoja hauna sahihi. Mwajiri huyo alisafiri kwenda kwao bila kumwachia, na msimamizi aliyebaki akasema hana amri. Baba alikaa nyumbani miezi mitatu na mwezi wa kodi ulikuwa unakuja. Hakutoroka, hakuiba, hakugombana na mtu. Alikuwa amekosa wino wa mtu mmoja. Kisa hicho alikisimulia bila hasira, kama mtu anayesimulia mvua iliyochelewa, na mimi ndiye niliyekuwa nakasirika kwa niaba yake.

Kwetu Murang'a wazee hawakukiita hata kipande walipokuwa peke yao. Walikiita mbugi. Mbugi ni kengele ya mbuzi. Babu yako aliposema "nilikivua" hakuwa anatia chumvi. Kitambulisho hakivuliwi. Kengele ndiyo inayovuliwa.

Usidhani pia kwamba walikivaa kimya. Mwaka 1921 walowezi waliafikiana kupunguza mshahara wa vibarua kwa theluthi moja, wakati kodi nayo ilikuwa imepandishwa. Harry Thuku, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya simu katika ofisi ya hazina Nairobi, akaanza kuzunguka akihutubia juu ya mishahara, kodi, kazi za kulazimishwa kwa wanawake, na kipande. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye watu walijaa nje ya kituo cha polisi Nairobi, karibu na Hoteli ya Norfolk, wakitaka aachiliwe. Wanaume walipoanza kuregea, Mary Muthoni Nyanjiru aliwaaibisha mbele ya wote kwa kuinua vazi lake na kuwataka wampe suruali zao yeye avae gauni. Polisi walifyatua risasi. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliokufa, na Nyanjiru alikuwa miongoni mwa walioanguka. Hesabu ya walioshuhudia ilikuwa kubwa zaidi. Thuku alipelekwa Kismayu, na kipande kikabaki shingoni robo karne nyingine.

Kiliondolewa kwa sheria ya mwaka 1947, Sheria ya Usajili wa Watu. Angalia jina: "wenyeji" wameondoka, wamekuja "watu". Sasa wanaume wa rangi zote walitakiwa kujiandikisha. Walowezi wengi wakaja juu. Kupiga alama za vidole, walisema, ni mambo ya wahalifu. Nilipoyasoma hayo mara ya kwanza nilikuwa kwenye maktaba ya mahakama, na nilicheka peke yangu mpaka karani mwenzangu akaja kuangalia kuna nini. Miaka karibu thelathini vidole vya baba yangu havikuwa vya mhalifu, vilikuwa vya kibarua tu. Siku wino ulipoelekezwa kwenye vidole vyao, ukageuka kuwa tusi!

Utaniuliza, na wanawake? Sheria haikutuona. Sheria ya zamani ilisema wanaume, ya 1947 ikasema wanaume, na hata baada ya uhuru tuliendelea kuishi kama watoto wa mtu au wake wa mtu. Tuliingizwa mwaka 1978. Mimi nilikuwa tayari nimeajiriwa na mahakama. Niliapishwa kutafsiri ushahidi wa watu wengine nikiwa mwenyewe sina karatasi ya kuthibitisha kwamba ni mimi. Nilipanga foleni kwa chifu nikiwa nimevaa gauni la kanisani. Yule mwandikishaji alinishika vidole kimoja kimoja, akavibingirisha kwenye wino kama anayebingirisha chapati, akavikandamiza. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeinua mikono juu nisichafue gauni. Baba alikuwa kwenye kiti chake cha nje. Akaviangalia vile vidole kwa muda. Akaniuliza, "Wamekupa na kamba?"

Nikamwambia hapana, ni ya kutia kwenye mkoba. Akasema, "Basi ni kingine."

Hilo ndilo jibu lako, mjukuu. Kijana wa mlangoni hakumtukana babu yako kwa nia. Yeye amelikuta neno limeshalainika, analitumia kama anavyosema "ngiri" kwa elfu moja au "mathree" kwa matatu. Lugha haina adabu ya kungoja wazee wafe kwanza. Mimi mwenyewe husema kipande nikiwa sokoni na sihisi kitu. Lakini babu yako, nikipiga hesabu ya miaka yake, alipewa cha kwanza akiwa kijana mwishoni kabisa mwa sheria ile, na akakivaa. Mbele yake sema kitambulisho. Kisha mwombe radhi, tena umwombe akueleze kamba yake ilikuwa ya nini: ngozi, katani au uzi. Wazee wanaikumbuka kamba kuliko karatasi.

Shikamoo Bi Mkalimani. Mimi ni wa Muheza, Tanga. Marehemu babu yangu alikuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge, na bibi husema "babu yenu alimaliza kipande, akaongeza kipande, ndipo akanioa". Hapa kwetu hakuna anayesema kipande kwa maana ya kitambulisho. Je, ni neno lile lile la Kenya, au ni mawili yanafanana? — Msomaji, Muheza

Marahaba mwanangu. Ni lile lile, na lenu ni la kale kuliko letu.

Kabla Nairobi haijaandika sheria yake, upande wa Wajerumani kule Usambara kulikuwa na kadi za kazi zilizoitwa vipande. Mwanamume alipewa kadi akatakiwa kumfanyia mlowezi kazi siku 30 ndani ya muda uliowekwa, na asiyeijaza alipelekwa kazi za serikali. Wajerumani wakaondoka, Waingereza wakaingia, mkonge ukabaki, na kipande kikabaki nao. Kwenye mashamba ya Tanganyika kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Ukimaliza ngwe yako ya siku, inatiwa alama. Ukiugua au ukienda msibani, siku hiyo haihesabiwi, unaijaza nyingine. Zikitimia 30, umemaliza kipande, unalipwa.

Kwa hiyo bibi yako alitumia neno kwa usahihi kabisa. Kwake kipande ni kipimo, kama vile debe au pishi. Babu alikuwa na vipande viwili vya mahari.

Hapo ndipo tofauti ya nchi zetu ilipo, na nimeifikiria sana tangu nipate barua yako. Kipande cha Tanga kilikuwa na mwisho. Kilikuwa kigumu, mkonge unachoma na jua la Muheza nalijua, lakini nafasi zilikuwa 30 na mtu alizihesabu. Cha Kenya hakikuwa na nafasi ya thelathini. Alipomaliza mwajiri mmoja palikuwa na mstari wa mwingine chini yake. Ndiyo maana kwenu neno lilikwenda na mashamba ya mkonge yalipolala, na kwetu limehamia kwenye kadi ya plastiki.

Halafu hilo neno manamba nalo ulilipitisha haraka. Vibarua waliotolewa mbali kwa mkataba walijulikana kwa namba zao, wakaitwa hivyo: ma-namba. Bibi yako yu hai? Kama yu hai, muulize babu alikuwa namba ngapi. Nimekutana na wajane wawili maishani mwangu wanaoijua namba ya mume kama wanavyojua jina lake.

Mama, kuna ubishi kazini. Mimi nasema "kipande changu", wenzangu wote wanasema "kipande yangu". Pia kuna jengo Nairobi linaitwa Kipande House, lina uhusiano wowote? — Msomaji, Thika

Kipande changu, vipande vyetu. Wewe ndiye uliyepata. Lakini usiwasahihishe askari wa usiku, jibu tu kwamba unacho.

Jengo lina uhusiano, ndiyo. Liko Kenyatta Avenue, la mawe, na lilijengwa 1913, miaka miwili kabla ya sheria kuandikwa. Mjenzi wake alikuwa Gurdit Singh Nayer. Wanaume waliotaka kuingia kufanya kazi Nairobi walisajiliwa hapo na kupewa vipande, jina likashika. Baadaye likawa la benki, na sasa ni jengo la kihistoria linalolindwa. Baba alinipitisha hapo mara moja nikiwa msichana, tukielekea stesheni. Nilitaka kusimama niangalie mnara wake. Alinivuta mkono tukavuka barabara, tukapita upande wa pili.